Mzee Mokaya Hakuwa na Haja ya Kusema

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa mikono. Msinitazame hivyo, sikuwa nimeiba. Aliyenifunga ni Mama Sabina, mwenye ile nyumba ya kulea watoto nyuma ya soko hapa Kisii mjini, na alinifunga kwa leso yangu mwenyewe. Aliipitisha mikono yangu nyuma, akapiga fundo kama la mtu anayefunga mkungu wa ndizi kwenye bodaboda, kisha akanikalisha kwenye kiti cha mtoto na kuniambia nimtazame bwana mdogo mmoja aliyekuwa akijaribu kufunika sufuria.

Yule bwana mdogo alikuwa hajafikisha miaka miwili. Alikiweka kifuniko juu chini, kikaanguka. Akakisimamisha ubavu, kikaanguka. Akakilamba, akakikalia, akapiga nacho sakafu. Mimi jasho linanitoka. Mabega yanacheza yenyewe, vidole vinawasha. Nikamwambia Mama Sabina, "Si nimsaidie mara moja tu, tuendelee na mambo mengine?"

"Ukimsaidia, atakayejifunza kufunika sufuria ni wewe," akasema, "na wewe nadhani unajua tayari."

Mwishowe kifuniko kikakaa. Mtoto akakiangalia, akaniangalia mimi, akacheka kicheko cha mtu aliyemaliza kujenga ghorofa. Kisha akakifunua na kuanza upya. Nilifunguliwa wakati wa chai.

Nawaambia nyinyi mnaoanza kazi hii, mnaopita dukani kwa mpwa wangu mkanikuta nimekaa katikati ya vitambaa na kuniuliza siri ni nini. Nyinyi mna vyeti, na vitunzeni, kwa sababu vinafundisha mengi ambayo sisi tuliyapapasa gizani. Lakini nilichobaki nacho baada ya kulea watoto wa mji huu mpaka magoti yakakataa kushuka sakafuni ni hicho tu: mikono nyuma. Mengine yote nitakayosema ni kuzungukazunguka, maana nikipewa kiti na chai mimi sinyooshi hadithi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Zuhura. Babu yangu alikuja Kisii kushona kanzu na suruali, akaoa hapa hapa na kuzeeka hapa hapa. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, sokoni Ekegusii, na shuleni tukachapwa kwa zote mbili. Watoto waliniita Ticha, mama zao wakaniita Ticha, na mpaka leo nikipita stejini kwenye matatu kuna mwanamume mwenye ndevu ataniita Ticha, nami nitamkumbuka kwa makamasi yake.

Jambo la kwanza litakalowachosha si watoto, ni jioni. Jioni mama anakuja kuchukua mtoto, kachoka, anauliza, "Ticha, leo amesoma nini?" Anataka umwambie a, e, i, o, u. Na wewe ukweli unaujua: siku nzima mtoto wake amekuwa akiangusha kijiko. Mimi niliwaambia hivyo hivyo. "Leo ameangusha kijiko." Wengine walinuna. Basi ninaketi nao pale mlangoni kuwaeleza. Akikiangusha mara ya kwanza anajua kwamba kitu kikiachiwa kinakwenda chini, hakiendi juu. Akikiangusha tena anasikiliza kama kitalia vile vile. Halafu anakiangusha huku amekukazia macho, na hapo kijiko si hoja tena. Anataka kujua kama wewe utainama. Ukiinama amekufundisha kazi, na ataendelea na somo mpaka mgongo wako ukubali au ukatae.

Zamani sifa yetu ilikuwa kimya. Mgeni akiingia akikuta watoto wamelala au wamekaa kwenye mkeka kama maharagwe yaliyoanikwa, anasema hapa pana malezi. Mama Sabina alikuwa anachukia kimya hicho. Aliposikia chumba kimetulia alikuja mbio, kwa sababu watoto wakinyamaza wote kwa pamoja kuna kitu wanakula, na mara nyingi si chakula. Tuliwahi kutoa kinywani mwa mtoto mmoja kifungo, punje ya mahindi na sikio la mwanasesere, vyote siku moja, naye akalia kwa kunyang'anywa mali yake. Baadaye zikaja simu. Tulikuwa na binti mmoja ambaye alinyamazishwa kwa simu tangu akiwa mchanga. Alijua kuimba kwa Kiingereza cha puani, na jioni akituaga alitupungia mkono na kutuhimiza tujiunge na chaneli yake. Lakini ukimuuliza, "Viatu viko wapi?" anakuangalia kama wewe ndiye unayepaswa kuendelea kuongea. Simu haikuwahi kungoja ajibu, ndiyo maana hakujua kwamba kuna zamu yake.

Kungoja huko mimi pia nilifunzwa kwa taabu, maana mdomo wangu mnaujua. Nilikuwa namuuliza mtoto, "Unataka uji?" na kabla hajafumba na kufumbua namjibia, "Ndiyo, unataka uji, uji mtamu, eeh, kuja tule uji." Mama Sabina akanisikiliza asubuhi moja, akanipa kikombe cha chai. Akasema, "Uliza, halafu piga funda. Mpaka uimeze usiseme neno." Nilikunywa chai nyingi mwaka huo kuliko maisha yangu yote. Lakini wallahi watoto walianza kunijibu. Wa miezi michache alijibu kwa miguu, akipiga mateke. Mkubwa kidogo alijibu kwa sauti, "ba, ba, ba." Nami namrudishia, "ba, ba," naye anangoja zamu yake ifike. Hayo ndiyo mazungumzo. Maneno yanakuja kukaa kwenye nafasi ambayo mmeshaitengeneza.

Sasa nije kwa Mzee Mokaya, ambaye ndiye aliyenifanya nianze hadithi hii.

Mama Sabina alikuwa ameshazeeka na kurudi kwao, mimi ndiye nimebaki na nyumba, nikiwa na msaidizi wangu Nyaboke, binti mwepesi wa mkono na mwepesi wa machozi. Akaja Kwamboka, muuza ndizi aliyekuwa akitoka Kiogoro asubuhi na mapema. Mume wake alikuwa dereva wa lori, nyumbani anaonekana kama mgeni. Alikuwa amembeba mtoto wa kiume mzito, mwenye paji pana la uso na shingo fupi. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Kwamboka akatazama chini. Akasema, "Huyu ni Tata."

Tata ni baba, kwa Ekegusii. Nikaelewa. Kwa Abagusii mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki, na huyu alikuwa amepewa jina la baba mkwe wake Kwamboka, Mzee Mokaya wa Gesima. Na baba mkwe humtaji jina hovyohovyo, humkaripii, humsogelei kwa utani. Heshima hiyo ina nguvu huku kwetu, wala si ya kuchekwa. Shida ni kwamba sasa heshima yenyewe ilikuwa imevaa nepi.

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Siku moja niliwakuta mlangoni, mtoto amekaa katikati ya dimbwi la matope. Kwamboka amesimama kando, ameshika mkono kwa mkono, anasema kwa sauti ya mtu aliyeitwa barazani, "Tata, kama utaona ni sawa, tungetoka hapo." Tata hakuona ni sawa.

Na huko Gesima kulikuwa na bibi, mama wa yule dereva, mjane wa Mokaya wa kwanza. Yeye alimwita mtoto "bwana yangu," kama mabibi wanavyotaniana na wajukuu, lakini utani wake ulikuwa na vitendo. Kuku akichinjwa alimtengea firigisi, sehemu ya mwenye boma. Mtoto hana magego, basi bibi anaikatakata firigisi mpaka inakuwa unga, anamlisha.

Hata kwetu mambo yakawa yale yale. Nyaboke aliposikia habari ya jina akaanza kumwita Mzee, na Mzee akapata kiti chake. Mzee akitazama kikombe, kikombe kinakuja. Akitazama mlango, unafunguliwa. Akiinua mguu, kiatu kinavaliwa. Alitembea mikono nyuma akikagua wenzake wanavyopanga vibao, na kama jambo halikumridhisha alishusha pumzi puani, "hmm," akaenda kwingine. Tulimpenda sana. Miaka miwili ikapita, ikaanza kuelekea mitatu, na Mzee alikuwa hajasema neno hata moja.

Hapo mzaha ukaisha. Nisikilizeni hapa kwa makini, maana hili mtakutana nalo. Mtoto akichelewa kusema, usianze na hekima zako, anza na masikio. Nilimwambia Kwamboka ampeleke hospitali, akampeleka, wakampima vizuri, wakasema masikio ni mazima na ulimi ni mzima, tuzidi kuzungumza naye na kumwangalia, na arudishwe wamwone tena. Mimi pia nilikuwa na kipimo changu: nilifungua pakiti ya biskuti nyuma yake, polepole, nikiwa upande wa pili wa chumba. Mzee aligeuka kabla sijaichana nusu.

Lakini habari zilishafika Gesima kwamba Mokaya ni bubu. Bibi akakata shauri lake. Alisema kosa ni la nyumba ile ya mjini, ambako mtoto anasikia Ekegusii kwa mama yake, Kiswahili kwa Zuhura, Kiingereza kwa watoto wa wenye maduka, na kabla ya uji anasikia bismillahi. Ulimi umejaa, haujui uanzie wapi. Akatuma ujumbe kwamba anakuja kumchukua bwana yake akae naye kule kwenye mashamba ya chai mpaka apate akili ya kusema.

Kwamboka alinifikia asubuhi hiyo akiwa hata ndizi hajazishusha. Akaketi kwenye kizingiti.

"Ticha, akimpeleka Gesima, huyo amekwenda," akasema. "Atakaa huko mpaka aanze shule. Mimi nitakuwa namuona Krismasi kama watu ya kanisa."

"Si umkatalie."

"Nimkatalie namna gani? Ni mama ya bwana yangu. Na mtoto ni jina ya bwana yake. Nikisema hapana nitakuwa nimekatalia watu wawili, mmoja amekufa." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Ticha, mtoto yangu ataongea kweli?"

Nikamwambia aende akauze ndizi zake. Nikavuta kiti, nikakaa pembeni na chai, nikamtazama Mzee Mokaya asubuhi nzima kama vile sijawahi kumwona. Na nilichokiona kilinipandisha joto usoni. Yule mtoto alikuwa anasema bila kukoma. Alisema kwa nyusi, alisema kwa kidevu, alisema kwa ile pumzi ya puani. Na kila aliposema, Nyaboke au mimi tulishafika na kitu mkononi. Nikajiambia, Zuhura, hata wewe ungehudumiwa hivi ungeacha kusema, na mji mzima ungemshukuru Mungu.

Nikamwita Nyaboke, nikamfunga mikono kwa leso.

Siku ile Mzee alitazama kikombe, na kikombe hakikuja. Alimtazama Nyaboke vile bosi anavyomtazama mtu aliyechelewa kazini. Nyaboke akaanza kulia. Mzee akashusha pumzi, akatazama kikombe tena kwa msisitizo zaidi, akatutazama mimi na Nyaboke kwa zamu, kisha akajilaza kifudifudi kwenye mkeka kama mtu aliyesalitiwa na serikali.

Msidhani tulimnyima. Mtoto mdogo hanyimwi maji wala chakula ili aseme, na anayefanya hivyo aache kazi hii akauze mbao. Tulingoja kiasi cha funda moja la chai, tukimtazama usoni, halafu tunampa, na tukimpa tunakitaja. "Maji. Haya, maji." Basi. Kesho yake akanivuta gauni mpaka chini ya rafu ya vikombe. Siku iliyofuata akanyoosha kidole, na nawaambia nilitaka kupiga vigelegele, maana kidole ni nusu ya neno. Mtoto akinyoosha kidole kisha akakugeukia kuona kama na wewe unatazama, ameshajua kwamba kichwani mwako kuna mtu. Nikamweleza Kwamboka jioni, akasema, "Kidole si kitu, Ticha. Mama atataka kusikia mdomo."

Naye mama mkwe akaja kabla hatujamtarajia, kama kawaida ya wakwe.

Aliingia na mfuko mkubwa mtupu wa kubebea nguo za mtoto, na kuku hai chini ya kwapa, zawadi yangu ya kuniaga. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole vyeusi vya kuchuma chai. Na mikono ile haikujua kutulia. Kabla hajakaa alikuwa ameshafuta makamasi ya watoto wawili, amemfunga mmoja kamba za viatu, amemlisha mwingine uji ambao hakuuhitaji, na amenifunga mimi kifungo cha gauni ambacho nilikiacha wazi makusudi kwa ajili ya joto. Kuku akaponyoka. Watoto wote wakamkimbilia kwa makelele, isipokuwa Mokaya, ambaye alibaki kitini akingoja kuku aletwe. Bibi akamkamata, akamletea.

"Bwana yangu," akamwambia, "tunaenda nyumbani."

Kwamboka alikuwa amekuja mbio kutoka sokoni, amesimama mlangoni na aproni yake. Nikaona asiposema yeye nitasema mimi, kwa kuwa mimi si mkwe wa mtu hapo.

"Mama, kaa kwanza upumzike," nikasema.

"Yaya," akasema, yaani hapana kwa Ekegusii. "Sikukuja kukaa. Gari ya Gesima haitaningoja."

"Mtoto anaanza kusema. Juzi amenyoosha kidole."

"Kidole?" Akanitazama kwa huruma. "Hata ng'ombe yangu anajua kunionyesha kitu anataka. Hii nyumba yako imechanganya mtoto. Lugha mingi, kelele mingi. Wewe ni mtu mzuri, Ticha, lakini hapa si mahali ya mzee."

Hapo nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikamwambia, "Mama, nikubalie kitu kimoja. Nikufunge mikono na leso yako mpaka uji wa saa nne uive. Ukae hapo na bwana yako. Kama hajaomba kitu kwa mdomo wake, mchukue. Mfuko wako nitaubeba mimi mwenyewe mpaka stejini."

Kwamboka alinitazama kana kwamba nimemuuza mtoto wake mbele ya macho yake. Nimemchezea mwenzangu kamari ya mtoto wake, nikawaza, kwa kutegemea kidole.

"Mimi nifungwe?" bibi akasema. "Hata marehemu hakunifunga." Kisha akacheka, kwa sababu aliona ameshashinda. Akavua leso mabegani, akanigeuzia mgongo. "Funga. Funga mzuri, usiseme baadaye nilifungua."

Nikapiga lile fundo la Mama Sabina.

Sasa Mokaya alikuwa ametoka kula kiazi kitamu kikavu, nanyi mnajua kiazi kitamu kinavyoomba maji. Kikombe kilikuwa mezani, karibu kabisa na kiwiko cha bibi. Mzee akashuka kitini. Akaja mikono nyuma, akasimama mbele ya bibi, naye bibi ameketi mikono nyuma, wakatazamana kama wazee wawili waliokutana kujadili mpaka wa shamba. Mtoto akatazama kikombe.

Mabega ya bibi yakaanza kucheza. "Anataka maji," akaniambia.

"Najua, Mama."

"Basi mpe."

"Ngoja kidogo."

"Mtoto ana kiu, wewe." Akainamisha kichwa, akajaribu kukisukuma kikombe kwa kidevu. Nikakisogeza. Akanitupia neno la Ekegusii ambalo sitalitamka, na Nyaboke akaziba masikio ya mtoto aliyekuwa karibu.

Mokaya akashusha pumzi. "Hmm."

Bibi akaacha kuhangaika. Alimtazama mtoto kwa muda, kisha akaongea, lakini si na mimi.

"Mwenyewe alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Anakaa, anaangalia kikombe, anafanya hmm. Mimi nimeshatia chai."

"Hakuwahi kuomba?" nikauliza.

"Aombe saa ngapi? Nilikuwa nimeshaleta. Chai, viatu, kofia, kila kitu. Watu ya Gesima walisema nimeolewa na mtu mpole." Akakitazama kikombe. "Hata alipokuwa mgonjwa mwisho. Niliangalia macho tu. Sijui kama kuna kitu alitaka nikakosa kuona."

Mlangoni Kwamboka alikuwa ameshika tama. Nikapiga funda la chai lisilokuwepo, maana kikombe changu kilikuwa kitupu. Uji ulikuwa umeanza kutokota, na nikaona mapovu yanapanda, nikajua muda wetu umekwisha.

Mokaya alitoa mkono mmoja nyuma. Akauweka kwenye goti la bibi, akaligonga kama mtu anayebisha hodi.

"Koro," akasema.

Mnajua kwamba bibi kwa Ekegusii ni magokoro. Mwanzo wa neno alikuwa ameumeza.

"Koro. Mache."

Na amache ni maji. Hakuyasema kwa Kiswahili changu, baada ya kumtajia maji wiki nzima. Aliyasema kwa lugha ya mama yake, kwa sauti nene, bila haraka, kama mtu aliyekuwa na neno hilo mfukoni siku zote na hajaona sababu ya kulitoa.

Kwamboka akakaa chini pale pale mlangoni. Nyaboke akaanza kulia, lakini yeye hata kuku angetaga angelia. Mimi nikarukia fundo la leso nilifungue bibi ampe maji, na bibi akanikwepeshea bega.

"Yaya," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hana mkono wa kuyafuta. "Usinifungue kwanza. Mokaya hajawahi kuniomba kitu. Ngoja aombe tena."

Akaomba tena, safari hii kwa ukali, kama mteja aliyecheleweshewa. Nikamfungua bibi, akampa maji, mtoto akanywa yote na kumrudishia kikombe bila shukrani.

Uji uliungua wote. Tukakaa tukala ndizi za Kwamboka, na gari la Gesima likaondoka kweli bila kungoja. Baadaye bibi alisimama, akaukunja ule mfuko mtupu mara nyingi mpaka ukawa mdogo, akamkabidhi Kwamboka.

"Kaa na yeye," akamwambia. "Mimi nikimchukua nitamnyamazisha tena. Mikono yangu naijua."

Kwamboka akaupokea. Alishika ule mfuko kwa mikono miwili.

Siku hizi Mokaya yuko shule huko Kiogoro na anasema mpaka walimu wanamsihi apumzike. Lakini ninalotaka mlichukue ni lile nililoliona tulipomsindikiza bibi mpaka langoni. Kiatu cha Mokaya kilikuwa kimemtoka mguuni, kimebaki njiani. Bibi alishaanza kuinama, mkono umeshafika karibu na chini. Akajizuia, akanyooka polepole, akaipeleka mikono yake nyuma na kuishikanisha mwenyewe. Akamtazama mjukuu wake usoni, akangoja.